Maskini wa Babeli: Kifungo na Hadhi ya Mtu katika Mesopotamia ya Kale

Wahenga waliponena kwamba maskini haokoti, akiokota huambiwa kaiba, walieleza jambo ambalo kila msemaji wa Kiswahili hulielewa bila kufafanuliwa. Tendo moja likitendwa na watu wawili wa hadhi mbalimbali hugeuka kuwa matendo mawili: aliye nacho ameokota, asiye nacho ameiba. Lisilojulikana na wengi ni kwamba neno maskini lenyewe lilizaliwa katika jamii iliyokuwa imeliandika wazo hilo katika sheria zake. Kiswahili kililipokea kutoka Kiarabu, ambamo ni miskin. Kiarabu nacho kilikuwa kimelipata kutoka Kiaramu, na Kiaramu kutoka Kiakadi, lugha ya Babeli na Ashuru, ambamo neno hilo lilikuwa mushkenum. Katika sheria za Hammurabi, aliyetawala Babeli tangu mwaka 1792 hadi mwaka 1750 K.K., mushkenum ni jina la daraja mahususi ya watu, na jicho lake lina bei yake.

Makala haya yanashikilia kwamba kifungo katika Mesopotamia ya kale hakiwezi kueleweka kwa kuuliza mfungwa alitenda kosa gani. Swali lenye manufaa zaidi ni hili: mfungwa huyo alikuwa mtu wa nani, na nani angefika mlangoni kumtoa? Mwanafunzi wa Kiswahili ana sababu ya pekee ya kulizingatia swali hilo, kwa kuwa maneno anayoyatumia kuifasiri dunia ile, yaani gereza, mfungwa, muungwana, mtumwa na maskini, yana historia zake. Asipoyachunguza yatamfanya aone kule Babeli mambo ambayo hayakuwapo, na asione yaliyokuwapo.

Gereza lisilo na idadi ya miaka

Yapo maoni mawili yaliyoenea kuhusu jambo hili. Ya kwanza hudai kwamba watu wa kale hawakuwa na magereza kamwe. Waliua, walikata viungo na kutoza faini, basi. Ya pili hudai kwamba gereza ni la tangu na tangu, na kwamba siku zote limekuwa mahali pa kuwaadhibu wahalifu. Maoni yote mawili yana kasoro.

Maoni ya kwanza yanakanushwa na maandishi ya kikabari yenyewe. Sheria za Ur-Namma wa mji wa Ur, ambazo ziliandikwa karibu mwaka 2100 K.K. na ndizo kongwe zaidi kati ya zilizotufikia, zinaagiza kwamba mtu anayemzuilia mwenzake isivyo halali afungwe yeye mwenyewe na alipe shekeli 15 za fedha. Aidha, Kiakadi kilikuwa na msamiati wa kutosha wa jambo hili. Palikuwa na bit kili, yaani nyumba ya kuzuilia, na bit sibitti, yaani nyumba ya kushikia. Katika mji wa Mari, kando ya mto Frati, palikuwa na neparum, ambamo walioshikiliwa walifanyishwa kazi. Jamii isiyo na magereza haiwezi kuwa na majina mengi hivyo ya magereza.

Hata hivyo, maoni ya pili nayo hayana mashiko. Jiwe la sheria za Hammurabi, lililofukuliwa Susa nchini Iran na Wafaransa kuanzia mwaka 1901 na ambalo sasa limo katika makumbusho ya Louvre, Paris, lina urefu wa mita 2.25. Vifungu vyake vimezoeleka kuhesabiwa kuwa 282. Katika vifungu vyote hivyo hakuna hata kimoja kinachoagiza kwamba mwizi au mwuaji afungwe miaka mitano au kumi. Adhabu zake ni kifo, kukatwa kiungo, viboko, kufukuzwa, na malipo ya mara nyingi ya thamani ya kilichoibwa. Gereza lilikuwapo, lakini kifungo cha kuhesabiwa miaka kama adhabu ya kosa hakimo.

Je, waliokuwamo gerezani walikuwa wakifanya nini? Walikuwa wakisubiri. Mmoja alisubiri kesi yake isikilizwe, mwingine deni lilipwe, mwingine jamaa zake walete fidia, mwingine mfalme aseme neno. Wakati wakisubiri walifanyishwa kazi. J. Nicholas Reid, katika kitabu chake cha mwaka 2022 kuhusu magereza ya Mesopotamia, ameeleza kwa kina jinsi kuzuilia watu kulivyokuwa njia ya kuwadhibiti na kuimiliki kazi yao. Kiswahili kina istilahi mbili ambazo zinaweza kumsaidia mfasiri hapa. Mfungwa, katika matumizi ya leo, ni aliyekwisha kuhukumiwa na kupewa muda wake. Mahabusu ni aliyezuiliwa na bado hajui mwisho wake. Kwa mizani hiyo, walio wengi katika magereza ya Babeli walikuwa mahabusu.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Kifungo chenye idadi ya miaka huisha chenyewe, awe mfungwa ana ndugu au hana. Kifungo cha kusubiri huishia pale mtu mwingine atakapofika. Kwa hiyo, urefu wake haupimwi kwa uzito wa kosa; hupimwa kwa uzito wa mtu.

Muungwana, maskini na mtumwa

Sheria za Hammurabi zinataja daraja tatu. Juu kabisa yumo awilum, mtu huru mwenye hadhi kamili. Chini kabisa wamo wardum na amtum, mtumwa wa kiume na wa kike. Kati yao ndiko aliko mushkenum. Wataalamu wangali wanajadili mipaka ya daraja hii ya kati, lakini ni bayana kwamba mushkenum hakuwa ombaomba. Sheria zenyewe zinamtaja akiwa na mifugo na hata watumwa. Asili ya neno lake ni kitenzi chenye maana ya kuinama au kusujudu. Ni mtu huru, ila ni huru aliyeinamisha kichwa mbele ya wakubwa. Neno hilo lilipokuwa likisafiri kutoka lugha hadi lugha lilizidi kuzama, hata lilipofika pwani ya Afrika Mashariki likawa na maana ya asiye na kitu.

Mfasiri wa Kiswahili hana haja ya kuhangaika kutafuta maneno ya daraja hizo. Jamii ya Waswahili wa zamani ilikuwa na muungwana na mtumwa, na hata ilimtofautisha mzalia, mtumwa aliyezaliwa nyumbani mwa bwana wake, na yule aliyeletwa kutoka mbali. Awilum ni muungwana. Ni lugha chache za dunia zinazoweza kumpa msomaji wake tofauti hizo kwa neno moja moja namna hii.

Daraja hizo zilipimwa mwilini. Muungwana akimpofua jicho muungwana mwenziwe, lake nalo lilipofuliwa. Akimpofua mushkenum, alilipa mina moja ya fedha, yaani shekeli 60. Akimpofua mtumwa wa mtu, alilipa nusu ya bei ya mtumwa huyo, na fedha hiyo ilikwenda kwa bwana, si kwa aliyepoteza jicho. Ujira wa tabibu nao ulifuata mpangilio uo huo: akimpasua muungwana na kumwokoa alipewa shekeli 10, akimwokoa mushkenum shekeli 5, na akimwokoa mtumwa bwana wake alilipa shekeli 2.

Kifungu cha 8 kinaonyesha jambo hili kwa ukali zaidi. Aliyeiba ng'ombe, kondoo, punda, nguruwe au mashua ya hekalu au ya ikulu alilipa mara thelathini. Kama mali ilikuwa ya mushkenum alilipa mara kumi. Kama mwizi hakuwa na cha kulipa, aliuawa. Katika kifungu kimoja, basi, hadhi ya aliyeibiwa iliamua ukubwa wa deni, na mfuko wa mwizi uliamua kama ataishi. Tajiri aliyeiba kondoo alipoteza mifugo. Fukara aliyeiba kondoo yuyo huyo alipoteza roho.

Rehani yenye pumzi

Kukopa harusi, kulipa matanga. Hakuna mahali ambapo usemi huu ulidhihirika kuliko katika sheria za madeni za Babeli. Mdai ambaye hakulipwa nafaka yake au fedha yake aliweza kumkamata mtu wa nyumba ya mdaiwa na kumshikilia nyumbani mwake mpaka deni lilipwe. Aliyekamatwa aliitwa niputum, ambalo laweza kufasiriwa kuwa rehani; ila rehani hii ilikuwa na pumzi, ilisikia njaa na iliweza kupigwa.

Inafaa kuzingatia ni nani aliyekamatwa. Sheria hizo zinapozungumzia rehani inayokufa mikononi mwa mdai, zinamtaja mwana wa mdaiwa au mtumwa wake. Zinapozungumzia mtu aliyezidiwa na deni, zinamtaja akimtoa mkewe, mwanawe wa kiume au bintiye. Mwenye nyumba alikopa. Waliolipa kwa miili yao walikuwa wale waliokuwa chini ya mamlaka yake. Kwa mintarafu hii, hadhi haikutenga matabaka ya jamii pekee. Iliingia hadi ndani ya ua wa nyumba moja na kutenga baba na mwana, mume na mke.

Ni kweli kwamba Hammurabi aliweka mipaka, na si haki kuinyamazia. Aliyemkamata mtu bila kuwa na dai lolote alitozwa theluthi moja ya mina, yaani shekeli 20. Mke au mtoto aliyetolewa kwa sababu ya deni alitumika miaka mitatu, na mwaka wa nne aliachwa huru. Na mdai ambaye rehani yake ilifia mikononi mwake kwa kipigo au mateso alipoteza deni lake lote na kuadhibiwa juu yake. Mtu wa leo anaweza kuiona mipaka hiyo kuwa huruma, na kwa kiasi fulani ilikuwa huruma.

Hata hivyo, huruma hiyo nayo iligawanywa kwa daraja. Ikiwa aliyekufa kwa mateso alikuwa mwana wa muungwana, mwana wa mdai aliuawa. Ikiwa alikuwa mtumwa wa muungwana, mdai alilipa shekeli 20 za fedha. Nyumba ni ile ile, kipigo ni kile kile, ila upande mmoja kuna roho kwa roho na upande wa pili kuna fedha. Tena ile miaka mitatu haikumhusu mtumwa: aliyetolewa kwa deni akiwa mtumwa angeweza kuuzwa mbele kwa mbele na mfanyabiashara aliyempokea.

Mfano ulio wazi zaidi unapatikana katika amri ya Ammi-saduqa, mfalme wa ukoo wa Hammurabi aliyeanza kutawala mwaka 1646 K.K. Wafalme wa Babeli walikuwa na desturi ya kutangaza misharum, tangazo la kurejesha haki, ambapo madeni ya aina fulani yalifutwa. Amri hiyo inaagiza kwamba mtu huru aliyejitoa mwenyewe, au aliyemtoa mke au watoto wake, kwa ajili ya deni aachiwe huru. Kisha inaongeza kwamba mzalia aliyetolewa kwa deni lile lile haachiwi. Mlango wa kizuizi ulifunguliwa kwa amri moja, na wawili waliokuwa wamekaa pamoja wakisaga nafaka ya mdai mmoja waliagana pale: mmoja alirudi kwao, mwingine alibaki, kwa kuwa hakuwa na kwao pa kurudi.

Miaka mia saba hivi kabla yake, Uruinimgina wa Lagash, karibu mwaka 2350 K.K., alijivunia kuwafungua raia wa mji wake waliokuwa wameshikiliwa kwa madeni na makosa mengine. Neno la Kisumeri la uhuru huo lilikuwa amargi, na maana yake ya asili ni kurudi kwa mama. Ni neno zuri mno. Lakini uzuri wake una sharti: humfaa yule ambaye mama yake anajulikana yuko wapi. Aliyeletwa kutoka nchi ya mbali angerudi kwa mama gani?

Mateka na mawe ya kusagia

Swali hilo linawahusu zaidi mateka wa vita. Baada ya kifo cha Hammurabi, miji ya kusini iliasi dhidi ya mwanawe Samsu-iluna. Mmoja wa waasi hao alikuwa Rim-Anum, aliyejitangaza mfalme wa Uruk katika miaka ya 1740 K.K. Utawala wake ulikuwa mfupi, lakini uliacha vibao vya udongo vinavyohusu nyumba iliyoitwa bit asiri, nyumba ya mateka. Vibao hivyo, ambavyo Andrea Seri alivichunguza katika kitabu chake cha mwaka 2013, vinaonyesha mateka wakipokelewa, wakihesabiwa, wakipangiwa kazi ya kusaga nafaka na wakikabidhiwa kwa maofisa na mahekalu. Lugha yake ni lugha ya ghala. Makarani waliandika watu kama walivyoandika unga.

Mateka hao hawakuwa wamemwibia mtu wala kumkopa mtu. Walifungwa kwa sababu jeshi lao lilishindwa. Sasa na walinganishwe na askari wa Hammurabi aliyetekwa nchi ya mbali. Kifungu cha 32 kinasema kwamba mfanyabiashara akimkomboa askari huyo na kumrudisha mjini kwake, askari ajilipie fidia yake ikiwa nyumba yake ina uwezo. Ikiwa haina, hekalu la mji wake limlipie. Ikiwa hekalu halina, ikulu imlipie. Shamba lake, bustani yake na nyumba yake visiuzwe kwa ajili ya fidia hiyo. Nyuma ya askari huyo wamesimama watu watatu kwa foleni: jamaa zake, mungu wake na mfalme wake. Nyuma ya mateka wa Uruk hakusimama mtu, na ndiyo maana mmoja alikuwa mateka kwa muda na mwingine akawa mali.

Mfalme kifungoni

Huenda msomaji akapinga kwa kusema kwamba hata wakubwa walifungwa. Naam, walifungwa, na kufungwa kwao ndiko kunakoithibitisha hoja hii. Mwaka 597 K.K. Nebukadreza wa Babeli alimchukua Yehoyakini, mfalme kijana wa Yuda, akamhamishia Babeli pamoja na jamaa yake. Wasomaji wa Biblia wanakumbuka mwisho wa Kitabu cha Pili cha Wafalme, ambapo Evil-merodaki, mwana wa Nebukadreza, anamtoa Yehoyakini gerezani katika mwaka wa 37 wa uhamisho wake, anambadilishia mavazi na kumketisha mezani pake. Hiyo ilikuwa karibu mwaka 562 K.K.

Vibao vya udongo vilivyofukuliwa katika jumba la kifalme la Babeli wakati wa uchimbuzi wa Robert Koldewey, na ambavyo Ernst Weidner alivichapisha mwaka 1939, vinatoa upande wa pili wa habari hiyo. Vinaorodhesha mafuta yaliyogawiwa watu wa mataifa mbalimbali waliokuwa wakilishwa na ikulu. Yehoyakini anatajwa humo kwa jina na kwa cheo chake cha mfalme wa Yuda. Wanawe watano wanapata nusu sila kila mmoja, sawa na maseremala waliotoka Arvadi katika pwani ya Foinike. Yehoyakini peke yake anapata zaidi ya mara kumi ya kiasi hicho. Alikuwa amenyang'anywa mji, hekalu na kiti cha enzi, lakini karani wa ghala alipochovya kipimo chake katika mtungi wa mafuta alijua kwamba anampimia mfalme.

Si wafalme tu waliolindwa hivyo. Maandishi ya karne za mwanzo za milenia ya kwanza K.K., ambayo nakala yake moja ilipatikana katika maktaba ya Ashurbanipal huko Ninawi, yanampa mfalme nasaha kuhusu utawala wake. Yanamwonya kwamba akiwatoza faini au kuwatia kifungoni isivyo haki raia wa Sippar, Nippur na Babeli, miungu itamlipiza kisasi. Raia wa miji hiyo mitatu walikuwa na kinga yao kwa sababu miji yao ilikuwa mitakatifu. Nasaha hizo hazitaji kinga ya namna hiyo kwa mkulima wa kijijini.

Wimbo wa Nungal

Mwanafunzi wa fasihi hataridhika na sheria na orodha za mafuta. Atauliza kama Mesopotamia ilitunga fasihi kuhusu gereza. Jibu ni kwamba ilitunga, nayo ni ya kushangaza. Upo utenzi wa Kisumeri wa mistari 121 hivi unaomsifu Nungal, mungu wa kike wa gereza. Ulikuwa mmojawapo wa tungo kumi ambazo wanafunzi wa ukarani katika karne ya 18 K.K. walizinakili walipokuwa wakijifunza Kisumeri. Sehemu ya mwanzo huichora nyumba ya Nungal kwa picha za kutisha. Kisha mungu mwenyewe huzungumza, na picha hubadilika: gereza linakuwa mahali panapomwokoa mtu na kifo, tumbo la uzazi anamozaliwa upya, tanuri linalomtakasa kama fedha. Mungu wa uzazi naye yumo humo akisaidia kazi hiyo.

Jina la gereza hilo ni Ekur, ambalo pia ndilo jina la hekalu kuu la mungu Enlil katika mji wa Nippur. Hekalu na gereza vilishiriki jina moja. Jambo hili halipaswi kumshangaza msemaji wa Kiswahili, kwa kuwa neno lake la gereza huhusishwa na neno la Kireno igreja, yaani kanisa. Fort Jesus ya Mombasa, ngome ya Wareno iliyoanzwa kujengwa mwaka 1593, ilitumiwa kuwa gereza wakati wa ukoloni wa Waingereza hadi mwaka 1958. Nyumba ya ibada na nyumba ya kufungia zimekutana katika lugha mbili zisizojuana.

Wapo wanaoupenda utenzi wa Nungal na kuuona kuwa ushahidi wa mapema wa gereza la kurekebisha tabia. Pongezi hizo zinastahili kupunguzwa. Utenzi huo ulinakiliwa na vijana waliosomeshwa ili wawe makarani wa hekalu na ikulu, yaani wale ambao siku moja wangeshika orodha ya wafungwa, si wale ambao majina yao yangeandikwa ndani yake. Ni rahisi kuliita gereza tumbo la mama ikiwa hutarajii kulala humo. Wasomaji wa Kiswahili wanaijua tofauti hii, kwa sababu Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, iliyochapishwa mwaka 1973, ilitungwa na mfungwa mwenyewe akiwa kifungoni. Fasihi inayotungwa juu ya mfungwa na ile inayotungwa na mfungwa hazitoi ushahidi wa aina moja, hata zinapotumia tamathali zile zile.

Je, hakuna mfungwa wa Babeli aliyetunga? Kipo kibao kimoja cha udongo chenye maombolezo ya mtu aliyefungwa, na mwombolezaji anatajwa kuwa Nabu-shuma-ukin, mwana wa Nebukadreza. Irving Finkel, aliyekichapisha mwaka 1999, alipendekeza kwamba mwana mfalme huyo ndiye aliyetawala baadaye kwa jina la Amel-Marduk, yule yule Evil-merodaki aliyemfungua Yehoyakini. Pendekezo hilo likikubaliwa, huruma yake kwa mfalme wa Yuda inapata maelezo ya kibinadamu: aliyewahi kuionja giza alimtambua mwenziwe. Lakini pia linaacha jambo la kutafakari. Sauti hiyo ya gerezani iliyopambwa kwa ufundi wa fasihi na kuhifadhiwa ni sauti ya mwana wa mfalme. Mateka wa Uruk waliacha idadi yao na kazi zao.

Hitimisho

Hoja moja inaweza kutolewa dhidi ya yote yaliyosemwa. Sheria za Hammurabi, kama wengi wanavyosisitiza, huenda hazikutumiwa mahakamani kifungu kwa kifungu; zilikuwa pia tangazo la sifa za mfalme. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini haidhoofishi msimamo wa makala haya. Mfalme anapotaka kujisifu kwa haki, huandika haki kama anavyoamini watu wataisifu. Hammurabi alijitangaza kuwa amekuja ili mwenye nguvu asimdhulumu mnyonge, na hakuona mgongano wowote baina ya tangazo hilo na jicho la mushkenum lenye bei ya shekeli 60. Zaidi ya hayo, vibao vya Uruk na orodha za mafuta za Babeli havikuandikwa ili kumsifu mtu, navyo vinasimulia hadithi ile ile.

Basi, mfasiri wa Kiswahili atakayeyashughulikia maandishi haya, na ni matumaini kwamba atatokea katika vyuo vikuu hivi, atahitaji uangalifu. Asiandike gereza kila mahali. Aseme nyumba ya rehani anapomaanisha nyumba ya mdai, na nyumba ya mateka anapomaanisha bit asiri. Asimwite mahabusu mfungwa. Mzalia amwite mzalia, ili msomaji aelewe kwa nini amri ya Ammi-saduqa ilimpita. Na anapofika kwa mushkenum, alitumie neno maskini kwa tahadhari, akieleza kwamba maskini wa kwanza hakuwa mtu asiye na kitu. Alikuwa na ng'ombe, alikuwa na nyumba, hata mtumwa huenda alikuwa naye. Alichopungukiwa ni uzito: aliposimama mbele ya sheria, sheria ilimwona mwepesi.

Mali iliongezwa baadaye katika maana ya neno hilo, au tuseme ukosefu wa mali. Mesopotamia yenyewe ililiweka wazi jambo ambalo lugha za baadaye zililisahau, kwamba umaskini ulikuwa kwanza namna ya kuhukumiwa kabla haujawa namna ya kuishi. Methali ya maskini asiyeokota bado inalikumbuka.